Re: Nyumba mbili za mtaa mmoja, moja D nyingine F, kwa nini?

Ndugu, umeuliza inakuwaje nyumba mbili zilizopakana hapa Uingereza, umri mmoja, moja ipate daraja D la nishati na nyingine F. Mtaa haupimwi, hupimwa nyumba yenyewe. Cheti cha EPC, yaani cheti cha matumizi ya nishati ya nyumba, hutoa alama na herufi, A ikiwa bora na G ya chini kabisa: D ni 55 hadi 68, F ni 21 hadi 38. Alama hizo hutokana na makadirio ya gharama ya kupasha joto, maji moto na taa, kwa hiyo nyumba yenye hita kuukuu za umeme huanguka hata kama kuta ni zilezile.

Halafu kuna dari. Mimi nilipanda kwangu na tochi, nikakuta sufi ya kuzuia joto lisitoroke ni nyembamba kama blanketi la mtoto, na unene unaopendekezwa ni milimita 270. Mkaguzi asipoweza kuona kilichomo, hukadiria kwa umri wa jengo, na hapo unaumia bure. Tunza risiti na picha za kazi yoyote iliyofanyika, umwonyeshe.

Angalia pia tarehe. Cheti hudumu miaka 10, huenda hicho cha F kilitolewa kabla dari haijajazwa.

Kama unapanga nyumba ya mtu, usinyamaze. England na Wales mwenye nyumba haruhusiwi kupangisha F au G bila msamaha uliosajiliwa. Mwombe cheti kabla hujatia saini, ukapeleke mkono kwenye fremu za madirisha siku ya upepo. Baridi utaisikia kwenye vidole.