Shangazi, kaka yangu anataka kumnunulia binti yangu Altezza

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Mikindani. Binti yangu wa kwanza ana miaka 18, kamaliza form six na anaanza chuo hapahapa Mtwara mjini. Kaka yangu analima korosho Tandahimba, msimu umemwendea vizuri, kasema zawadi ya mpwa wake ni gari. Nilifurahi mpaka niliposikia ni Toyota Altezza, nyeusi, imeshushwa, rimu kubwa, iko Dar, na ameshamtumia dalali milioni 2 ya advansi kwenye milioni 12. Leseni binti kaipata juzijuzi, ila kuendesha alijifunzia kwenye pikapu ya mjomba wake huko shambani. Tena kaka anataka wiki ijayo apande basi na binamu yake wakaichukue, arudi nayo mwenyewe. Nikisema naogopa anasema naidharau zawadi yake. Baba watoto kanyamaza, anasema mambo ya mjomba yeye hayaingilii. Na majirani wameshaanza, eti msichana na gari la wahuni. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Kwanza hongera kwa kulea mpaka form six, hilo si dogo.

Majirani tuwaweke pembeni kabisa maana nimeona kwenye barua yako wamechanganyika na hofu yako ya kweli na hutajua unaogopa nini hasa. Msichana kuendesha gari hakuna ubaya wowote, angekuwa mvulana ningekujibu hivihivi neno kwa neno, na tena nakuomba ukiongea na binti usimtajie kabisa habari ya uhuni, kwa sababu ukianza hapo atasikia unamzuia kwa kuwa ni mwanamke na hatasikia tena lolote utakalosema kuhusu barabara.

Sasa jibu langu. Gari apate. Altezza isiwe gari la kwanza. Na hata kama mtashindwana kwenye hayo mengine yote, hiyo safari ya kutoka Dar asiendeshe yeye.

Naanza na hiyo safari kwa sababu ni wiki ijayo. Dar mpaka Mtwara ni kama kilomita 560, mtoto ana leseni mbichi, gari halijui, mwenzake ni kijana wa rika lake. Fikiria njia yenyewe. Watatoka Dar na foleni mpaka Mbagala, watachelewa, manake dalali hajawahi kukabidhi gari saa aliyosema, mara hati haijafika, mara fundi anamalizia kitu, watatoka saa nane mchana. Wakivuka daraja la Mkapa pale Rufiji jua linaelekea kuzama, Somanga na Nangurukuru giza limeshaingia, na kuanzia hapo ni pori refu, Mbwemkuru huko barabara inanyooka inakualika ukanyage, mara kijiji, mara tuta, mara baiskeli haina taa, mara lori limekufa katikati ya njia wameweka matawi tu nyuma. Wakishapita Lindi wakafika Mingoyo wanakutana na malori ya makaa ya mawe yanayotoka Songea kuja bandarini kwetu, marefu, mengi, na kuyapita usiku kunataka dereva anayejua gari lake linachomoka vipi na linasimama vipi. Yeye halijui. Na binamu pembeni anarekodi video ya dada yake na gari jipya, simpi kosa kijana wa watu, ndo umri wao, mimi mwenyewe nawapenda hivyo walivyo, ila wanaochunguza ajali za madereva vijana wanarudia mambo yaleyale kila mara, miezi ya mwanzo, usiku, na abiria wa rika moja ndani ya gari. Safari hii ina vyote vitatu kwa mkupuo. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndo zinaongoza kuua watu wa miaka 5 mpaka 29, yaani kabla ya malaria, kabla ya ukimwi. Kwa hiyo gari lolote mtakalokubaliana likaletwe na dereva mzoefu, mlipeni, alale Nangurukuru au Lindi kama giza limemkuta, na binti kama anataka kwenda na aende akae kiti cha mbele na mkanda, aangalie.

Tuje kwenye gari. Kaka yako atakwambia Altezza si spoti kamili ina milango minne, na kweli ni saluni, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayependa kukimbia, ndo sifa yake tangu ilipotoka Japan mwaka 1998. Ile ya kawaida ina injini ya silinda sita yenye nguvu ya farasi 160, na kuna RS200 yenye silinda nne na farasi mpaka 210, waulizeni ni ipi. IST, kigari kidogo cha Toyota, ya injini ya cc 1300 ina kama farasi 87. Sa mtu anayejifunza, nguvu ile haimsaidii chochote hapa Mikindani na mjini, mwendo kwenye makazi ni 50. Inachofanya ni kumfikisha kwenye mwendo mkubwa kabla hajajua kama amefika. Gari jepesi la nguvu ndogo likiwa linakwenda mbio linalalamika, linatetemeka, unasikia kabisa limechoka, Altezza iko 120 imetulia unadhani ni 80. Na mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ya kusimama kwa breki inazidi mara nne, hilo halina ujanja, awe fundi awe bingwa. Ukiwa 100 kila sekunde moja gari linakula karibu mita 28, akitupia jicho simu sekunde mbili tu ameshapita mita zaidi ya 50 bila kuangalia mbele.

Halafu Altezza inasukumwa na tairi za nyuma, wakati Vitz, IST, Runx za kawaida zinavutwa na za mbele. Kwenye lami kavu taratibu hutaona tofauti. Ila huku kwetu mvua zikianza mwezi wa 12 mpaka wa 4, na ule mchanga unaosombwa ukaja kukaa kwenye kona, hizo kona zenu za kuzunguka ghuba hapo Mikindani unazijua wewe kuliko mimi, mtu akikanyaga mafuta ghafla nyuma inakimbia inataka kuipita mbele, na asiyezoea atafanya kile mwili unachomwambia, ataachia mafuta ghafla au atakanyaga breki, hapo ndo gari linazunguka kabisa. Utasema mbona pikapu ya mjomba nayo inasukuma nyuma na kaiweza. Kaiweza kwenye njia ya mikoroshoni, gia ya pili, mwendo wa ishirini, hamna gari linakuja mbele. Simbezi, kujua klachi na kupima kioo cha pembeni ni mtaji mkubwa, wengi wanapata leseni bila hata hiyo. Lakini barabarani hajakaa.

Na hilo la kushushwa limenitia wasiwasi kuliko nguvu yenyewe. Ulizeni imeshushwa vipi, kama springi zimekatwa tu na grainda, maana wengi ndo wanavyofanya, gari linadunda, tairi haishiki vizuri kwenye kona na inasugua bodi ukipakia watu. Matuta ya huku itakwangua chini kila siku. Ukitaka kwenda kumsalimia kaka yako Tandahimba, lami ikikuishia tu fundi anakungoja na bushi na shokapu. Kumbuka pia Altezza ya mwisho ilitengenezwa 2005, yaani hiyo yenu hata ikiwa mpya kuliko zote imemzidi binti umri. Mipira yote chini imekomaa. Tairi zenyewe angalieni pembeni kuna namba nne baada ya herufi za DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, ikiandikwa 2316 ni wiki ya 23 mwaka 2016, hiyo hata kama ina kashata nzuri inang'aa msiiamini. Rimu kubwa nyingi zinakuja na tairi za namna hiyo.

Binti atakuwa na hoja moja ya maana, na akiitoa msimkatize. Atasema Altezza ni nzito, imara, bora kuliko vigari vidogo vinavyokunjika. Ana haki. Vikigongana gari zito na jepesi, wa kwenye zito ana nafuu, kwa hiyo mimi siwashauri mkimbilie kigari kidogo kuliko vyote ili mradi kisiende mbio. Tafuteni la katikati, Runx ya 1500, Spacio, Raum, Allion kama hela inafika, yenye airbag mbele na ABS, yaani breki zisizofunga tairi ukikanyaga ghafla. Ukiwasha gari ile taa ya airbag iwake kisha izime, isipowaka kabisa huenda kuna mtu kaichomoa balbu kuficha kitu. Na kwenye Runx muwe macho, kuna Runx Z yenye farasi 190, madalali wanaiita Runx tu, hiyo itawarudisha palepale mlipotoka. Kwa milioni 12 hamkosi, pengine itabaki.

Hiyo itakayobaki ndo ninayoitaka mimi. Hapo napo kuna bima. Ile ndogo ya lazima inamlipa uliyemgonga, gari lako haligusi, binti akiparamia mti hampati hata shilingi. Bima kubwa kwa gari la kutembelea ni kama asilimia 3.5 ya thamani yake, kwa gari la milioni 10 ni laki tatu na nusu hivi kabla ya VAT, kwa dereva mpya msiiruke. Na mafuta, mwanachuo huyu atakuwa anatoka Mikindani kwenda mjini na kurudi, zaidi ya kilomita 20 kwa siku. Altezza kwa safari za mjini lita moja inakupa kilomita nane hivi, ya 1500 inafika kumi na mbili, na zaidi kama mguu ni mwepesi. Chukua bei ya lita ya sasa, piga hesabu ya mwezi uone nani atakuwa anapigiwa simu, ni wewe mama, mjomba atakuwa ameshatoa zawadi yake.

Sasa kaka yako, na hapa ndo naona moyo wako uko. Usimkatalie. Huku kwetu kusini, kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao, mjomba kumtunza mtoto wa dada yake ni heshima yake, na mwanamume aliyevuna akamkumbuka mpwa wa kike kwa gari, wakati wengine msimu wa korosho hela inaishia wanapojua wenyewe, huyo ni wa kushikwa mkono. Ukimwambia "naogopa" anasikia "zawadi yako mbaya". Nenda Tandahimba mwenyewe, usimpigie simu, kaa naye uso kwa uso bila watoto, mwambie kaka mimi nimefurahi na nataka wewe ndo umsimamie huyu mtoto barabarani, wewe ndo ulimfundisha klachi, mmalizie. Mpe kazi. Aje Mtwara akae na binti kwenye gari, aende naye Lindi mchana, aende naye kwenye mvua, aende naye usiku kidogo kidogo, yeye kiti cha abiria. Kama kuna hela imebaki wampeleke shule ya udereva inayotambulika akapate masomo ya barabara kuu. Na mwambie waziwazi kuwa Altezza haijafutwa, akishaendesha mwaka mzima mvua na kiangazi bila kugusa mtu, yeye mjomba ndo ataamua. Nadhani atalipokea, kwa sababu umemuongezea nafasi yake kwa mpwa wake, hujampunguzia.

Baba watoto naye asikwepe. Kunyamaza kwake kunamwacha mwanamke mmoja kati ya kaka na mtoto. Awepo siku ya kumwambia binti, hata asiposema mengi.

Binti mwambieni mapema, leo kesho, asije akasikia kwa binamu. Atalia, mwacheni alie, alishajiona ndani ya gari jeusi na wenzie chuoni. Mpeni uamuzi wa kweli kwenye hilo jipya, achague rangi, achague kati ya Runx na Spacio, awepo fundi akikagua, yeye ndo asome hizo namba za tairi. Masharti yawe machache na yashikike, miezi sita ya mwanzo abiria asizidi mmoja na saa moja jioni gari liwe nyumbani, simu ndani ya pochi.

Kuhusu milioni 2 za dalali, kaka yako ampigie leo kabla gari halijaandikishwa jina. Asianze kwa kudai hela irudi, aanze kwa kumwambia amtafutie Runx ya 1500 isiyoshushwa, namba D, yaani herufi za usajili zinaanzia na D, advansi ihamie huko, dalali anachotaka ni kuuza, na dalali akileta ubishi, kaka yako awe ametunza vizuri ujumbe wa muamala na maongezi yao.