Maswali ya baskeli: kujitayarisha na kilomita 200

Assalam aleykum jamani, maswali yamekuja mengi, nayajibu haya matano kwanza.

*Kaka wa Bububu: kazini nnaenda kwa baskeli, kilomita 10 kwenda na 10 kurudi. Je, 200 kwa siku moja ntaziweza?*

Utaziweza kaka, ila si mwezi huu. Zile safari za kilomita 200 wanazofanya wenzetu Ulaya zina muda wa saa 13 na nusu, ukipiga hesabu ni kama kilomita 15 kwa saa na kusimama kote kumo humo, sasa mwendo huo hata muuza samaki na tenga lake nyuma anao. Kazi si mbio, kazi ni kukaa juu ya kiti saa zote hizo. Kila Jumapili toka safari moja ndefu, anza na 40, ongeza kidogo kidogo, kila wiki ya nne punguza mwili upumzike, ukishafika 130 au 140 bila ya kuumwa basi 200 zimo. Wiki ya mwisho usijikamue.

*Wa Fuoni: mazoezi niende Nungwi au Paje?*

Tazama upepo. Msimu wa kusi nenda Paje, msimu wa kaskazi nenda Nungwi, yaani upepo uupokee kwa kifua asubuhi nguvu bado unazo, kurudi ukusukume.

*Kijana wa Kinyasini: nikifika kilomita ya 70 naishiwa kabisa, miguu haina ugonjwa lakini haitaki. Nini?*

Njaa hiyo mwanangu, na mie imenipata. Nilitoka Mjini na chai kavu tu, wakati wa kurudi karibu na Mahonda mikono ikanitetemeka mpaka kifuniko cha chupa kikanishinda kufungua, nikakaa chini ya mwembe, mama mmoja akanipa boflo na chai ya sukari, baada ya nusu saa hivi nikawa mtu tena. Tokea siku ile nakula kila nusu saa, nisikie njaa nisisikie, kwa sababu ukingoja tumbo likwambie umeshachelewa. Mwili unataka gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa, hiyo ni ndizi mbivu mbili hivi, au tende kiganja kimoja. Maji nayo usiyanywe matupu siku nzima na jua letu hili, tia chumvi kidogo, sukari na ndimu. Na chochote utakachokula siku yenyewe kijaribu kwanza kwenye mazoezi, urojo wenye pilipili katikati ya safari mie sikushauri!

*Dada wa Wete: nataka kuendesha masafa na stara yangu nisiivunje, baibui linaingia kwenye mnyororo.*

Hongera sana dada yangu. Baibui liache nyumbani, vaa suruali pana ya kitambaa chepesi uifunge kwa lastiki kifundoni, juu kanzu fupi ya magotini iliyopasuliwa pembeni. Ndani vaa ile kaptura yenye sponji, bila ya chupi, maana ile mishono ndiyo inayochuna ngozi. Mtandio mwembamba, pini zikae pembeni helmeti isizikandamize. Na vilima vya huko Pemba badilisha gia kabla hujaanza kupanda, ukingoja katikati ya kilima mnyororo unaruka.

*Wa Jang'ombe: nibebe nini?*

Mipira ya ndani miwili, viraka na solusheni, pampu, spana ya kufungulia gurudumu. Jifunze kuziba pancha mwenyewe, saa kumi na moja alfajiri fundi gani utamkuta? Taa ya nyuma iwashe hata mchana ukipita Jozani, miti imefunga pale na dereva anayetoka juani hakuoni.