Fundi Ajibu: mashine ya kwanza ya kukereza

Swali: Salaam aleikum fundi, mimi kijana wa Langoni hapa Lamu, nataka kuanza kukereza, yaani kuchonga mti unaozungushwa na mashine, nitoe mabakuli na miguu ya stuli, nimeona mashine mbili ndogo, moja nyepesi ya bati na ingine nzito ya inchi 12. Nichukue gani?

Jibu: Waaleikum salaam mwanangu, chukua nzito wala usisite. Kitanda chake, ile sehemu ndefu ya chini inayobeba mashine, kikiwa cha chuma cha kusubu kinatuliza mtikisiko, ile ya bati ukiweka gogo lisilo sawa inatetemeka mpaka patasi inakurukia mkononi. Inchi 12 ndio upana wa bakuli inaloweza kuzungusha, yaani inchi 6 toka kati mpaka kitandani. Uliza pia spidi ya chini, ikishuka mizunguko 500 kwa dakika au chini ya hapo ni sawa, gogo kubwa huanzwa polepole, na mota iwe ya volti 240 maana za Marekani nyingi ni 110, utaiunguza siku ya kwanza. Bakisha pesa za patasi, jiwe la kunolea na miwani. Na hii chumvi yetu ya upepo wa bahari! Kila jioni futa vumbi upake mafuta, mimi yangu niliiacha wiki moja tu ya Ramadhani nikaikuta nyekundu kwa kutu, kichwa cha nyuma, kile kinachoshikilia ncha ya pili ya gogo, hakisukumiki.