Soma bloku, usisome kifuniko

Nina pikapu ya zamani, nyeupe. Naomba kujua ina injini gani.

Nami naomba kujua. Rangi ya bodi haijawahi kutaja injini. Fungua boneti, futa grisi, soma namba, kisha uniandikie tena.

Hilux yangu ina 2L. Jamaa anasema ni ya lita mbili, fundi anabisha. Nani mkweli?

Fundi. Swali hili nimelijibu hadi nimechoka, lakini bado watu wananunua vipuri kwa kubahatisha. Kwa Toyota, L ni jina la ukoo wa injini na tarakimu iliyotangulia ni toleo ndani ya ukoo huo. Hakuna lita hapo. 2L ina ujazo wa cc 2446, 3L cc 2779 na 5L cc 2986. Sasa tazama balaa lilipo: 3L na 5L zote pistoni husafiri mm 96, ila kipenyo cha silinda ni mm 96 kwa 3L na mm 99.5 kwa 5L. Kwa macho ni ndugu wa tumbo moja. Ukiagiza pistoni za "ile dizeli ya Hilux", utarudi nazo dukani.

Herufi za baada ya kistari nazo zina kazi: 2L-T imetoka kiwandani na turbo. Ukikuta turbo kwenye bloku (ule mwili wa chuma wenye silinda) iliyogongwa 2L tupu, uliza ni nani aliyeifunga na alibadilisha nini kingine.

Hukuuliza, lakini nakwambia: zote tatu zinatumia mkanda wa taimingi. Kama hujui ulibadilishwa lini, badilisha. Ukikatika injini ikiwa kwenye mwendo, vavu na pistoni zitakutana.

Je, kanuni hiyo inafaa kwa Nissan, Isuzu na Mitsubishi?

Hapana. Nissan hutaja ujazo waziwazi: TD27 ni lita 2.7, Z24 ni lita 2.4. Kwenye 4JB1 ya Isuzu na 4D56 ya Mitsubishi, ile 4 ni idadi ya silinda. Kwa Mitsubishi, D ni dizeli na G ni petroli, lakini 56 si ujazo. Injini hiyo ni cc 2477.

Kifuniko cha tapeti kimeandikwa 22R, ile ya petroli ya Toyota. Si inatosha?

Haitoshi hata kidogo. Chochote kinachofunguka kwa spana si ushahidi: kifuniko, stika, alteneta, hata silinda hedi. Gari la miaka thelathini limepita mikono mingi, na kila mkono umefunga ulichokipata.

Soma bloku. Utakuta namba za aina mbili. Zilizovimba zilitokana na kalibu ambamo chuma kilimwagwa, na kalibu moja huweza kuzaa injini zaidi ya aina moja. Zilizogongwa zikazama ndizo za injini hiyo yenyewe. Mara nyingi ziko mahali palipochongwa bapa, chini kidogo ya silinda hedi au karibu na pale giaboksi inapoungana na bloku. Tumia mafuta ya taa na brashi laini, halafu mulika tochi kutoka ubavuni ili kivuli kiziinue. Usiguse grinda wala msasa! Namba hizo hazina kina, na alama mpya za kusugua zitakufanya uonekane mwizi wa gari lako mwenyewe.

Na kama kweli ni 22R, sikiliza cheni ya taimingi asubuhi injini ikiwa baridi. Zile za kuanzia 1983 zina miongozo ya plastiki. Ikivunjika, cheni hukwaruza kifuniko cha taimingi hadi maji yaingie kwenye oili.

Nataka Chevrolet ya miaka ya 1970. Muuzaji anaapa kwamba V8 yake ni 350 halisi, yaani ya inchi za ujazo 350.

Sijakutana na muuzaji wa Chevrolet asiyeapa hivyo. Anza na distributa, ile inayogawa umeme kwa plagi. Kwenye V8 hiyo inakaa nyuma, karibu na kabini. Ukiikuta mbele, kuna mtu amefunga kitu kingine. Kisha tafuta namba iliyovimba nyuma ya bloku, upande wa kushoto ukiwa umekaa kama dereva. Ukisoma 3970010, usishangilie: bloku hiyo ilitengenezewa 350 na 327 pia. Nenda mbele, upande wa kulia, kwenye kibapa kilicho chini ya silinda hedi, ambacho mara nyingi kimefichwa na alteneta. Herufi za mwisho zilizogongwa hapo ndizo hutenganisha.

Hata hizo hugongwa upya na wajanja. Siku silinda hedi ikifunguliwa, pima safari ya pistoni: inchi 3.48 ni 350, inchi 3.25 ni 327. Kipenyo ni inchi 4 kwa zote mbili, kwa hiyo usipoteze muda kupima hicho.

Wale mnaoniambia niangalie herufi ya nane ya namba ya chasi ili nijue injini, mfumo huo wa tarakimu 17 ulianza 1981. Tena unaeleza gari lilivyotoka kiwandani, si lilivyo leo.

Kadi inasema petroli, lakini pikapu inanywa dizeli. Ninunue?

Muuzaji arekebishe kadi kwanza, kwa jina lake na kwa gharama yake.

Namba ya injini imesagwa, haisomeki kabisa. Bei ni nzuri sana.

Ndiyo sababu bei ni nzuri. Ondoka.

Nimehakikisha ni TD27. Sasa niagize pistoni?

Bado. Namba haijui ni mara ngapi silinda zimechongwa. Fungua, soma juu ya pistoni kama kuna alama ya 0.50 au 1.00 (mm zilizoongezwa kwenye kipenyo), kisha mpe fundi apime kila silinda kwa geji: juu, katikati na chini. Agiza ukiwa na vipimo hivyo mkononi.