Faili la vitanda vibovu

Mmeuliza wiki hii: meneja afanye nini ili timu yake ifanikiwe? Mimi ni muuguzi, na kwetu wodini meneja ni inchaji, yaani muuguzi anayeisimamia wodi. Jibu langu: ahangaike na yale ambayo walio chini yake hawana mamlaka nayo. Mengine watayamaliza wenyewe.

Chukueni 5S, utaratibu wa hatua tano wa kupanga mahali pa kazi. Ilizaliwa kwenye viwanda vya Japani, ikajaribiwa hospitalini Sri Lanka, na kuanzia 2007 Wizara ya Afya ikaileta Tanzania, Hospitali ya Rufaa Mbeya ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Watumishi tunaijua kwa kichwa: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Ilipofika kwetu, ya ndani hayakutushinda. Droo ya dharura ilikuwa vurugu tupu, kanula (vile vimirija vya kuingiza dawa mshipani) zimechanganyika na plasta na kalamu zilizokauka. Tuliipanga ndani ya zamu moja, kila kitu na lebo yake. Ukihitaji kanula ya njano ya mtoto usiku wa manane, unanyoosha mkono tu.

Tulikwama kwenye sasambua, yaani kuondoa visivyohitajika. Koridoni palirundikwa vitanda vilivyovunjika na jokofu bovu, machela ikipita kwa taabu. Nguvu za kuvibeba tulikuwa nazo, ruhusa hatukuwa nayo. Mali ya Serikali haitupwi kama maganda ya ndizi. Huorodheshwa, hukaguliwa, huombewa kibali. Kila kikao tulilisema. Inchaji wa wakati huo akatuhimiza tuwe na ari, kisha akatuletea semina ya kujituma kazini. (Chapati zilikuwa nzuri, tusidanganyane.)

Inchaji aliyemfuata hakuwa mzungumzaji. Alizunguka na daftari, akanakili namba ya kila kifaa, akaandika barua kwa afisa ugavi. Halafu kila Jumatatu, baada ya ripoti ya asubuhi, alitueleza faili limefika meza gani, hata wiki ambayo halikusogea. Mameneja wengi hulidharau hilo la mwisho. Mtumishi akisema jambo mara tatu bila kujibiwa, la nne hasemi, na huenda hilo la nne ni mtungi wa oksijeni unaovuja.

Viwandani Toyota mfanyakazi akiona kasoro huvuta kamba, na kiongozi wake hufika palepale. Watu huisifu sana hiyo kamba. Mimi namsifu anayefika, maana kamba isiyoleta mtu ingeachwa ndani ya wiki moja.

Najua mameneja watajitetea kwamba nao wanapigwa danadana na walio juu, na bajeti si yao. Ni kweli kabisa. Basi watuambie hivyo, na watuambie jambo limekwama kwa nani, ili tujue kama tusubiri au tutafute njia nyingine. Sisi vitanda vilichukua miezi mingi kuondoka, na katika miezi hiyo hakuna aliyeacha kuandika hitilafu kwenye daftari la wodi.