Feni za kimya kwa kadi ya grafiki ya maji: usikimbilie kasi, na kulanti ya gari iache kwenye gari

SWALI: Shikamoo fundi. Nahariri video za harusi na matangazo nikiwa nyumbani, Mikocheni, Dar es Salaam. Nina kadi ya grafiki ya RTX 3080 yenye mfumo wa maji uliofungwa kiwandani, rejeta yake ni ya milimita 240 na ina feni mbili. Niliinunua ikiwa imetumika, nikiamini kadi ya maji haina kelele. Sasa feni zinavuma hadi mvumo unaingia kwenye maikrofoni ninaporekodi sauti ya msimulizi, hasa nikizima kiyoyozi. Fundi mmoja amenishauri nifunge feni za mizunguko 3000 kwa dakika, na atamwaga maji yaliyomo aweke kulanti ya gari ili ipoe zaidi. Ninunue feni zipi?

JIBU: Marahaba, dada. Feni nitakutajia, lakini kabla ya yote hiyo kazi ya kulanti isimamishe. Kadi yako inafanya kazi, na anayetaka kuifungua hajakuambia ina ugonjwa gani.

Karibu kila anayeniletea kadi ya maji yenye kelele ameshaaminishwa kwamba maji ndiyo yanayopoza. Hapana. Maji ni kuli wa bandarini: anabeba mzigo kutoka melini hadi ghala, na ghala likijaa, hata ukimbadilisha kuli mzigo utabaki palepale. Ghala lenyewe ni rejeta, na anayelifungua ni hewa inayopita kati ya vibati vyake. RTX 3080 imepangiwa kula wati 320. Wati hizo zote hugeuka joto, na sehemu kubwa lazima itokee kwenye rejeta na kuingia chumbani mwako, kilichomo ndani kiwe maji, kulanti au kimiminika kingine chochote.

Piga hesabu. Lita moja ya maji ikipewa wati 320 hupanda nyuzijoto moja kila baada ya sekunde 13 hivi. Mfumo uliofungwa kama wako hauna hata lita moja. Maana yake ni kwamba hata ungeyapata maji ya baridi kiasi gani, dakika chache tu baada ya kuanza kutoa video iliyohaririwa (render) yatakuwa yamefika pale rejeta na hewa ya chumba vinapoamua, na hayatateremka chini ya joto la chumba kamwe. Kiyoyozi kikiwaka na chumba kikawa nyuzi 24, maji huanzia hapo. Ukikizima Februari na chumba kikafika 31, kila kitu ndani ya kasha la kompyuta kinapanda kwa hizo nyuzi saba, na feni zinakimbia kufidia. Ndiyo maana unazisikia zaidi ukizima kiyoyozi.

Sasa kelele yenyewe. Feni ikipunguzwa kasi kwa nusu, hewa inayopita hupungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, na desibeli 10 tu zinatosha sikio lihisi kelele imebaki nusu. Ukiishusha feni kutoka mizunguko 1800 hadi 1100, unapoteza karibu sehemu mbili kati ya tano za hewa, yaani asilimia 39 hivi, na kupata karibu desibeli 10 za utulivu. Hiyo ni biashara nzuri kuliko zote utakazofanya ndani ya kasha hilo. Ukienda upande wa pili, kwenye feni za mizunguko 3000 za huyo fundi, unanunua kelele nyingi kwa nyuzijoto chache. Feni za kasi hiyo zinafaa zaidi vyumba vya seva, ambavyo hakuna anayekaa.

Kinachotakiwa kwenye rejeta ni feni yenye msukumo, kwa sababu hewa lazima ipenye kwenye vibati vilivyosongamana. Feni ya kawaida ya kasha, hata ikiandikwa kimya kwenye boksi, ikibanwa kwenye rejeta hewa inakwama na mvumo unabadilika kuwa mlio. Noctua NF-A12x25 ya pini nne (inayoruhusu kompyuta kuiongoza kasi) ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu anayerekodi sauti: inafika mizunguko 2000, msukumo wake ni milimita 2.34 za maji (kipimo cha shinikizo la hewa), na pengo kati ya ncha za mapanga na fremu ni nusu milimita. Ni ghali. Arctic P12 ya pini nne ni nafuu zaidi, inafika mizunguko 1800 kwa msukumo wa milimita 2.2, na kwa matumizi yako inatosha. Desibeli zilizoandikwa kwenye boksi usizilinganishe kati ya kampuni na kampuni, maana kila moja hupima kwa namna yake, na mara nyingi feni ikiwa haijafungwa kwenye kitu chochote.

Lakini ukifunga feni mpya na kuziacha zikimbie kama za zamani, utakuwa umetupa pesa. Kwenye kadi nyingi za aina yako feni za rejeta huchomekwa kwenye kadi yenyewe, nayo huziongoza kwa kufuata joto la chipu, yaani kichakataji cha kadi. Chipu hupanda na kushuka kwa sekunde, maji hubadilika kwa dakika. Matokeo yake ni feni zinazopaa na kutulia, kupaa na kutulia, na maikrofoni huudaka mvumo unaobadilika haraka kuliko mvumo uliotulia. Zichomeke kwenye madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, kisha zipangie kwa programu ya FanControl zipande polepole na zichelewe kuitikia. Unaporekodi bila kutoa video, kadi inakula umeme mdogo sana, hivyo mizunguko 600 inatosha. Usirekodi huku unatoa video. Hilo ni suala la ratiba yako, hakuna feni itakayokusaidia.

Jambo la pili ni la bure, na linanishangaza kwamba mafundi wengi hawaligusi: ipunguzie kadi umeme. Kwenye programu ya MSI Afterburner shusha ukomo wa umeme hadi asilimia 80, yaani wati 256. Kwenye uhariri utapoteza kasi kidogo ambayo huenda usiione kabisa, na rejeta itakuwa imepunguziwa wati 64 za kutupa nje. Tunaofunga mifumo ya maji hupendelea rejeta ya milimita 120 kwa kila wati 100 ikiwa mtu anataka utulivu. Kwa kipimo hicho rejeta yako ya 240 haikuwahi kutosha kwa wati 320 kimyakimya. Kwa 256 inakaribia.

Tena usiogope nyuzi 70. Ukomo wa chipu hiyo kwa mujibu wa NVIDIA ni nyuzi 93. Mtu anayekimbiza feni zake usiku kucha ili aone 58 kwenye skrini anajitesa masikio bure. Namba ya kuangalia ni joto la memori, ambalo programu ya HWiNFO inalionyesha. Memori za GDDR6X, aina iliyo kwenye kadi yako, ni za moto, na zikikaribia 110 kadi inajipunguza kasi. Kwenye baadhi ya kadi zilizofungwa hivi, maji hupita juu ya chipu tu, huku memori na sehemu ya umeme vikipozwa na feni ndogo iliyo kwenye kadi. Wapo wanaoichomoa kwa sababu ina kelele. Usiichomoe.

Fungua pia feni zilizopo uangalie upande wa rejeta hewa inakoingilia. Kwa kadi iliyotumika Dar, vumbi na unyevu huwa vimeshikana hapo kama blanketi, na kupuliza kwa nje hakulitoi. Likisuguliwa kwa brashi laini, huenda mvumo ukapungua kabla hujanunua chochote. Unaporudisha feni za unene wa milimita 25, tumia skrubu zilezile za urefu wa milimita 30. Ndefu zaidi zinaweza kutoboa mrija wa rejeta. Na kama unasikia maji yakigugumia, rejeta inyanyue ili sehemu yake ya juu iipite pampu, hewa ikae huko.

Nirudi kwa huyo fundi, kwa sababu si wewe tu uliyeambiwa hivyo. Kulanti ya gari ni glikoli na dawa za kuzuia kutu, imetengenezwa kwa injini inayofanya kazi kwenye joto la nyuzi 90 na zaidi. Ikilinganishwa na maji matupu inabeba joto pungufu, na ni nzito kwa pampu ndogo kama hiyo. Mifumo mingi iliyofungwa ina bamba la shaba kwenye chipu na rejeta ya alumini. Metali hizo mbili zikikutana ndani ya maji ya bomba au ya kisima chenye chumvi, alumini inaliwa, na uchafu wake unaziba vijia vya bamba ambavyo ni vyembamba kuliko milimita moja. Kiwandani waliweka dawa inayozuia hilo. Ukiimwaga umeianzishia kadi safari ya kufa, na mara nyingi inakufa miezi kadhaa baadaye, fundi akiwa ameshalipwa na hapokei simu.

Wanaoshauri kupoza maji kwa barafu nao wasikudanganye. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 70 hutunga umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25. Ukiweka mirija baridi kuliko hapo katika mji wa pwani, matone yataanguka kwenye kadi yenye umeme.

Na kama kuna msomaji ambaye kadi yake imeshamwagiwa kulanti, asiendelee kuitumia akisubiri ioneshe tatizo. Izime, itoe, angalia maungio ya mirija na ubao chini ya bamba kama kuna ute au doa la kijani au jekundu. Kusuuza na kujaza upya si tiba ya mfumo uliofungwa. Tafuta kipozeo kingine kinachoendana na kadi hiyo, hata kama ni cha feni za kawaida kisicho na maji, ukiokoe kilicho ghali ambacho ni kadi yenyewe.