Gari linanuka mayai viza nikifika lami

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hilux ya dizeli, ile ya gia ndogo ya mkono, nabebea viazi kutoka vijijini huku Makete hadi Makambako. Msimu huu wa mvua naweka H4 (tairi zote nne zinavuta) tangu shambani kwa sababu ya matope. Nikishatembea lami kama nusu saa naanza kusikia harufu kali, mayai viza yamechanganyika na kitu kilichoungua. Mwezi uliopita nilivuka mto, maji yakafika nusu ya tairi. Tairi za nyuma nimeweka mpya, za mbele bado zina uhai kidogo. Gia ndogo imekuwa ngumu kutoa, na nikikata kona kuingia sheli gari linashika kama limepigwa breki. Fundi mmoja anasema transfa (boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma) imekufa ninunue ya mtumba, mwingine anasema ni klachi. Nimsikilize nani? (Msomaji, Makete)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa leo usimsikilize yeyote, na hela ya transfa ya mtumba iache ilipo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umesema unaweka H4 tangu shambani. Umesema unatembea lami nusu saa. Hapo katikati nimetafuta mahali uliposema unaitoa, sijapaona.

Hilux ya aina hiyo haina difu ya katikati, ile inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka tofauti. Ukiweka H4, propela (vyuma virefu vya kupeleka nguvu kwenye magurudumu) ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja ndani ya transfa, zizunguke sawasawa zipende zisipende. Sasa kata kona: tairi za mbele zinapita njia ndefu kuliko za nyuma. Kwenye matope hakuna ugomvi, tairi inateleza kidogo na mambo yanaisha. Lami kavu haitelezi. Mbele wanataka kuzunguka zaidi, nyuma wanawashika, na msokoto wote unajikusanya kwenye propela, kurosi (viungo vya propela) na meno ya transfa. Huko ndiko kushika kwa gari lako pale sheli. Gia ndogo nayo imekuwa ngumu kwa sababu meno yamebanwa na msokoto huohuo. Halafu ukaongeza tairi mpya nyuma na zilizolika mbele! Kimo chake si kimoja, kwa hiyo hata barabara ikinyooka hazipatani. Chuma kinachobanwa hivyo nusu saa nzima, na viazi juu, lazima kichemke.

Ukikuta imegoma kutoka, usiipige teke. Nyoosha usukani, rudi nyuma taratibu mita chache, msokoto unafunguka, gia inatoka bila nguvu. Na kuanzia leo mwisho wa matope ndio mwisho wa H4. Ukikuta kipande cha matope mbele, utairudisha.

Tuje kwenye harufu. Nilipokuwa mwanafunzi wa gereji, mzee aliyenifundisha alinifumba macho kwa kitambaa akaniwekea puani matambara matatu: la oili ya injini, la mafuta ya breki, la oili ya difu. La tatu nilirusha mbali. Oili ya difu ina salfa ndani yake, imewekwa makusudi ili meno yanayosagana kwa nguvu yasilane, na inanuka vibaya hata ikiwa mpya kwenye kopo. Nenda dukani uombe kunusa, uijue. Ikipata moto kupita kiasi, au ikivuja na kudondokea bomba la ekzosi, ndiyo unapata hayo mayai viza yako na kuungua kwa pamoja. Klachi hunuka pale unapoondoka mlimani na mzigo huku mguu unachezacheza kwenye pedeli. Haisubiri nusu saa ya mwendo. Breki hunuka ukishuka mteremko, na huko kwenu iko mingi, kwa hiyo gusa ringi zote nne: ikiwa moja tu inaunguza, breki ya hapo haiachii.

Mto ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Difu iliyotoka kazini ina moto. Ukiiingiza ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na difu inavuta pumzi. Ina kipumulio chake kwa kazi hiyo, kidude kidogo juu ya ekseli. Kikiwa kimezibwa na matope, inavutia kwenye sili (mipira ya kuzuia oili isivuje), na inayoingia si hewa tena, ni maji. Kuziba kwake kuna ubaya mwingine: difu ikipata moto hewa inatanuka, haina pa kutokea, inasukuma oili nje kupitia sili hizohizo. Kwa hiyo fundi akikuta sili inavuja akabadilisha bila kuzibua kipumulio, baada ya wiki mbili utakuwa kwake tena.

Kesho asubuhi, gari likiwa limepoa na limesimama tambarare, ingia chini na fundi wako. Kwenye kila difu na transfa afungue nati ya kujazia KWANZA, kabla ya ile ya kumwagia. Nimewahi kuona kijana amemwaga oili yote, halafu nati ya juu ikagoma kufunguka, gari likalala hapo siku mbili. Ingiza kidole, kikunje: oili iwe imefika ukingo wa chini wa tundu. Itazame rangi. Ikiwa kama chai ya maziwa, mto umeingia, mwaga yote siku hiyohiyo. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, ilichemka. Nati ya kumwagia ikiwa ya sumaku, unga laini kama majivu ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si kawaida, hapo ndipo tutaongea habari za kushusha transfa.

Kuhusu oili gani: fuata kitabu cha gari, na kama ni cha Kijapani tafuta mtu akusomee namba. Oili yenye alama ya GL-5 kwenye kopo ni ya difu. Usikubali ijazwe kwenye gia boksi kwa sababu tu imebaki kwenye kopo.

Nikuibie siri. Mimi mwenyewe niliwahi kushusha transfa ya mteja siku nzima kwa sababu ya harufu ya kuungua, nikaifungua, nzima kabisa. Jioni mke wake alikuja kumchukua, akainama akauliza kile ni nini. Kipande cha salfeti kilikuwa kimeyeyukia kwenye ekzosi. Wewe unabeba viazi, salfeti zako ziangalie kabla ya kitu kingine chochote.

SWALI: Fundi, gari langu ni la petroli, linaendesha magurudumu yote muda wote. Linanuka mayai viza ndani, oili ya difu imebadilishwa mara mbili. (Mama wa Dodoma)

JIBU: Dada, mwambie fundi wako asibadilishe mara ya tatu. Fungua boneti injini ikiwa inanguruma, sogeza pua kwenye betri. Betri inayochajiwa kupita kiasi inatoa harufu hiyohiyo, na maji yake yanaisha upesi. Fundi umeme apime chaji: kati ya volti 13.8 na 14.5 ni salama, ikivuka 15 chaji ndiyo mgonjwa wako. Betri ikiwa ya moto, zima gari na usiwashe kiberiti karibu yake. Kama betri haina kosa, harufu inatoka nyuma kwenye ekzosi, uliza habari za masega, kile kisafisha moshi kilichomo ndani ya ekzosi. Difu iacheni ipumzike.